Majumba ya Michenzani: yanayosemwa na yaliyokuwa

Linalosemwa zaidi kuhusu majumba ya Michenzani, yale majumba makubwa ya fleti mjini Zanzibar, ni kwamba Wajerumani walitujengea. Wapo hata wanaosema Warusi. Wageni wanaotembezwa mjini huambiwa hivyo, na watoto wetu wanakua wakiamini hivyo.

Ujerumani Mashariki ilikuwa na mkono wake, hilo halikanushwi. Zanzibar iliitambua nchi hiyo mara tu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wakati nchi nyingi za Afrika hazijathubutu kufanya hivyo, na msaada wa nyumba ukaja kama shukrani. Matunda ya mwanzo yalionekana katika mitaa ya Kikwajuni na Kilimani. Ramani mpya ya mji, iliyotolewa mwaka 1968, nayo ilichorwa na mtaalamu wao, Hubert Scholz.

Lakini Michenzani ilikuwa kazi ya ukubwa mwengine kabisa, na ujenzi wake uliendelea miaka ya 1970, wakati ushawishi wa Wajerumani visiwani ulikuwa umeshapungua sana. Waliochanganya saruji na kubeba matofali ni watu wa hapa hapa, wengi wao kwa kazi za kujitolea. Na fedha? Mapato makubwa ya serikali wakati ule yalitoka kwenye karafuu, na karafuu nyingi zilitoka Pemba. Serikali ilikuwa mnunuzi pekee, nayo ilimlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei ya soko la dunia. Iliyobaki iliingia hazina. Kwa hiyo mchumaji wa Wete, Pemba, aliyeukwea mkarafuu alfajiri ana haki na majumba haya kuliko mhandisi yeyote wa Berlin. Naudhika kila jina lake linaposahauliwa.

Wengine husema pale palikuwa pori. Si kweli hata kidogo. Michenzani imo Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na Ng'ambo ilikuwa mji kamili tangu karne ya 19, yenye misikiti, visima, maduka na nyumba za udongo na makuti zilizobanana, ukivuka tu mkono wa bahari wa Pwani Ndogo uliokuja kufukiwa baadaye. Ili barabara mbili pana zikutane Michenzani na majumba yasimame kandokando yake, nyumba za watu zilibomolewa. Wengi waliobomolewa walipewa fleti, lakini baraza na ua havikupandishwa ghorofani. Bibi aliyezoea kupikia uani na kuzungumza na jirani yake barazani alijikuta juu, ngazi nyingi, bila lifti. Wapo waliofurahia umeme na choo cha ndani, wapo waliolia. Wote wawili walikuwa na sababu.

Husemwa pia kwamba Mzee Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, aliyakamilisha. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, karibu kabisa na majumba hayo, kazi ikiwa bado inaendelea. Mzee Aboud Jumbe, aliyemrithi, ndiye aliyeiendeleza. Hata hivyo kilichojengwa ni sehemu tu ya ndoto: ramani ilitaka kuibadilisha Ng'ambo yote.

Tena si kweli kwamba nyumba za maendeleo, yaani majumba ya fleti ya serikali kama haya, zilikuwa za Mjini Unguja peke yake. Makunduchi na Bambi zipo, na Pemba zipo Wete, Chake Chake na Mkoani.

La mwisho ni hili la kudhani kwamba historia yetu inaishia kwenye kuta za mawe. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Michenzani imebaki nje ya mipaka hiyo. Mimi naona majumba haya yanastahili kuhifadhiwa kwa heshima ile ile: mabomba yatengenezwe, kuta zipigwe rangi, na wazee waliohamia humo siku za mwanzo warekodiwe wangali hai.