Weusi wa mafuta ya alizeti si uzito wake

Kwenye ukanda wetu wa alizeti, kuanzia Kibaigwa hadi Singida, kuna imani ya siku nyingi: mafuta meusi, yaliyotoka kwenye mbegu zilizopashwa moto sana, ndiyo mazito, yaani hayatiririki upesi, na ndiyo yanayofaa kulainisha mnyororo wa baiskeli au cherehani. Sivyo.

Rangi haipimi uzito. Kupasha mbegu kabla ya kukamua huongeza mafuta yanayotoka, ndiyo maana wakamuaji hufanya hivyo. Lakini moto ukizidi, utomvu na rangi hutoka kwa wingi pia, na mafuta yenyewe huanza kuharibika. Utomvu huo ndio yale machicha yanayotuama chini ya dumu. Kwenye chuma hunasa vumbi, na Dodoma vumbi tunalo.

Mbegu zikihifadhiwa na unyevu, vimeng'enya vyake huvunja mafuta na kuacha asidi inayokula shaba polepole.

Kusafisha kiwandani huondoa utomvu na asidi, ila hupunguza pia vitamini E, kinga ya asili ya mafuta hayo dhidi ya oksijeni. Na alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki nyingi, sehemu ya mafuta yenyewe, ambayo hushikana na oksijeni hadi mafuta yanakuwa gamba linalonata. Cherehani inayokaa muda mrefu bila kutumika isipakwe alizeti, iwe nyeusi au nyeupe. Mafuta ya nyonyo ndiyo mazito kwelikweli, mara kadhaa kuliko alizeti, na hayafanyi gamba upesi.