Viza ya mwaka mmoja haikupi mwaka mmoja wa kukaa

Pasipoti ikirudi kutoka ubalozini, watu wengi hapa Tanga hutazama kitu kimoja tu kwenye stika: tarehe ya mwisho. Wakiona iko mbali, roho inatulia, na tiketi ya kurudi inakatwa kwa kuifuata tarehe hiyo. Kazi yangu ni kuandaa safari za watu, na inaniuma kuona mzee wa heshima zake anawekwa pembeni uwanja wa ndege kwa kosa ambalo hata hajui amelifanya saa ngapi.

Viza inakuambia ni lini unaruhusiwa kufika mpakani na kuomba kuingia. Utakaa siku ngapi baada ya hapo ni jambo lingine, na jibu lake liko mahali pengine: wakati mwingine kwenye stika hiyohiyo, wakati mwingine kwenye muhuri wa ofisa wa uhamiaji, na siku hizi mara nyingi limo kwenye kompyuta yao tu. Hata sisi tunafanya hivyo kwa wageni wetu. Mmarekani anayekuja kutalii Tanzania hupewa viza ya miezi 12 kwa dola 100, lakini kila akiingia hatakiwi kuzidisha miezi mitatu. Jirani yetu Mkenya anayevukia Horohoro hahitaji viza kabisa, ila naye anapewa muda, usiozidi miezi sita.

Wanaonijia zaidi ni wanaokwenda Ulaya kuona watoto na wajukuu, kwa hiyo nianze na viza ya Schengen, inayotumika katika nchi 29. Uingereza na Ireland hazimo. Chukua stika uisome taratibu. Kuna tarehe ya kuanzia na tarehe ya mwisho, kuna idadi ya mara unazoruhusiwa kuingia, na kuna idadi ya siku za kukaa. Tuseme imeandikwa kuanzia 1 Juni hadi 15 Julai, kuingia mara moja, siku 30. Ukihesabu, kati ya tarehe hizo mbili kuna siku 45. Zile 15 za ziada zimewekwa ili ndege ikiahirishwa au ukichelewa kuondoka nyumbani, viza isikuharibikie. Si siku za kukaa. Ukiingia 3 Juni, siku yako ya 30 ni 2 Julai, na siku hiyo uwe umeshatoka. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka pia inahesabiwa, hata kama ulitua saa tano na nusu usiku.

Wenye viza ya kuingia mara nyingi ndio wanaochanganyikiwa zaidi, kwa sababu wao wana kanuni ya kutokaa zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180. Mama mmoja wa Chumbageni aliniambia, "Mwanangu, si nikae mitatu mwanzo wa mwaka, halafu Julai naanza upya?" Hapana, mama. Hizo siku 180 hazianzi Januari wala Julai. Zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka kila siku unayokuwa kule. Ni kama mkeka unaouburuta: ukisonga hatua moja mbele, ncha ya nyuma nayo inasonga hatua moja. Siku zote ulizokaa ambazo bado ziko juu ya mkeka zinahesabiwa, zilizobaki nyuma zimesamehewa.

Tulikaa tukapiga hesabu kwa mfano. Mtu ana viza ya mwaka 2026 mzima. Aliingia Ujerumani 10 Januari akatoka 28 Februari: siku 50. Anarudi 1 Mei binti yake akijifungua. Ukihesabu siku 180 kurudi nyuma kutoka 1 Mei unafika 3 Novemba 2025, maana yake zile 50 zote bado zinamhesabia. Amebakiwa na 40, na mwisho wake ni 9 Juni. Akitoka siku hiyo, akitaka kurudi tena, siku ya kwanza inayowezekana ni 9 Julai, kwa sababu ndipo ile 10 Januari inapotoka kwenye hesabu. Kuanzia hapo kila siku moja ya zamani ikitoka, anapata moja mpya, mpaka 27 Agosti. Ya 28 ingekuwa siku ya 91. Asiyetaka kuumiza kichwa na haya akae nje ya nchi hizo siku 90 mfululizo. Akirudi ana 90 kamili, mradi viza yenyewe bado iko hai. Tume ya Ulaya nayo ina kikokotoo cha bure kwenye tovuti yake.

Kwenda London wikendi moja na kurudi Paris hakufuti hesabu. Nalisisitiza hili kwa sababu linasemwa sana vijiweni. Na zamani ofisa alifunua kurasa akahesabu mihuri. Tangu 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya unaochukua picha ya uso na alama za vidole na kujihesabia wenyewe. Ukizidisha siku moja, unaonekana.

Marekani mambo ni tofauti. Kule ofisa wa mpakani ndiye anayekupa tarehe ya kuondoka, kwa mgeni wa kawaida mara nyingi miezi sita, na unaiona mtandaoni kwenye rekodi iitwayo I-94. Viza inaweza kuisha ukiwa ndani na usiwe na kosa lolote. Ikipita tarehe ya I-94 una kosa hata kama viza ina miaka mbele. Ukizidisha zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, unaweza kufungiwa miaka mitatu. Ukifikisha mwaka, kumi.

Uingereza ni miezi sita kwa ziara, hata viza iwe ya miaka 10. Dubai huwa kuna muda wa kuingia, halafu siku zako 30 au 60 zinaanza kuhesabiwa ukishaingia, na kila siku ya kuzidi ni faini ya dirham 50. Vijana wetu wanaokwenda huko kwa viza ya matembezi wakiahidiwa kazi, tafadhali sana: viza hiyo hairuhusu kufanya kazi, na mwajiri anayekuambia "utabadilishia hukuhuku" mwombe mkataba kwanza ukiwa bado nyumbani.

Ukiugua huko au safari zikafungwa, usisubiri tarehe ipite. Nenda ofisi ya uhamiaji ya mahali ulipo kabla muda haujaisha, ukiwa na barua ya hospitali au ya shirika la ndege. Nchi za Schengen huongeza muda bila malipo kwa dharura za namna hiyo, na kwa sababu nzito za binafsi hutoza euro 30. Vipande vya tiketi ya kupandia ndege usivitupe, kwenda na kurudi. Viweke pamoja na pasipoti ya zamani, maana ombi la viza linalofuata linaweza kuvihitaji.