Gharama ya kujenga siyo bei ya nyumba, jamani

Narudia tena maana mwaka huu imezidi. Mtu anauza nyumba ya familia, ya kisasa kweli, vyumba 4 kimoja masta, jiko la ndani, jipsam, tailizi mpaka barazani, fensi na geti, iko Sengerema au Magu huko, wilayani huku mkoa wa Mwanza, ukimuuliza anataka ngapi anakutajia hela aliyojengea halafu anaongeza milioni kadhaa "za usumbufu". Mthamini ukija na namba ya chini unaonekana umetumwa na mnunuzi. Mzee mmoja alinivuta pembeni, "Mwanangu, hiyo hela ni kiinua mgongo changu, sikuiokota." Pole mzee wangu, ila soko halijui kama ulistaafu. Mnunuzi wa dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba haulizi umeunguza petroli lita ngapi usiku, anaangalia dagaa.

Sasa wajanja watanijibu, mbona nyie wathamini wenyewe mnatumia njia ya gharama? Tunatumia, na hapa ndo huwa nachoka. Ile njia haiulizi WEWE ulitumia ngapi. Inauliza jengo la namna hiyo likijengwa kwa bei za leo litakula kiasi gani, unazidisha eneo la sakafu kwa bei ya mita ya mraba, unakata uchakavu, unaongeza kiwanja. Kama fundi alikuibia nondo, kama ulibomoa ukuta mara mbili kisa shemeji kabadilisha ramani, kama simenti ilivuka na pantoni, hayo yote ni ya kwako. Halafu sisi wa Mwanza tuna hili la mawe. Mtu kiwanja kiko mlimani, kapasua mwamba, kamwaga kifusi, upande wa bondeni msingi unamzidi mtu kimo, yaani msingi peke yake umekula hela ya nyumba nyingine ndogo. Mnunuzi anaona nini? Vyumba 4. Na kule Kisesa kwenye tambarare kuna vyumba 4 vilevile na gari inafika mlangoni. Msingi wako naupima na kuuandika, ila siwezi kumlazimisha mtu anunue jasho lako.

Na uchakavu siyo umri tu. Hizi nyumba za paa la kuficha zinazopendwa siku hizi, ina miaka 5, nje inang'aa, ukiingia chumba cha watoto unakuta kwenye kona ya jipsam duara la rangi ya chai, ukigusa na kidole linabonyea. Gata liko ndani nyuma ya ule ukuta wa juu, majani na kinyesi cha ndege vimeziba bomba, masika ikija maji hayana pa kwenda. Kitabu kinasema gawa umri kwa maisha ya jengo, asilimia chache basi. Mi nakata zaidi, na ukinibana kwa nini 15 na siyo 12 sina jibu zaidi ya macho yangu.

Mengine haraka haraka. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wako, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59, usije na saini yako peke yako. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU siyo ushahidi wa umiliki, hata mpangaji anakatwa. Risiti za ujenzi tunza, ila ni za TRA, watu wa kodi, siyo zangu: ile kodi ya 10% ukiuza nyumba inatozwa kwenye faida, na bila risiti utathibitishaje kwamba umeuza kwa hasara? Na wale wa "baraza linagusa ziwa", Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingoni, na ukingo wenyewe unahama, waulize walioona maji yalivyopanda 2020. Hiyo siyo sifa, ni hasara.

Kinachoninyima raha mimi ni ulinganisho. Tunafundishwa tutafute mauzo ya karibuni ya nyumba zinazofanana. Mji mdogo nyumba kama hii inauzwa kwa nadra, na ikiuzwa mkataba unaandikwa bei ndogo kukwepa kodi, bei ya kweli anaijua muuzaji, mnunuzi na dalali, na dalali naye anatia chumvi. Kwa hiyo nakaa na madalali, nachuja uongo wa mmoja kwa uongo wa mwenzake, naandika namba. Inaitwa utaalamu.

Sasa daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3 hivi unavuka bila kusubiri pantoni, na wauzaji wa Sengerema wamechangamka. Wamepandisha bei wanazotaja, wanaolipa bei hizo bado nawatafuta. Labda mimi ndo niko nyuma ya soko. Labda pia daraja litawageuka, maana mtumishi wa Sengerema sasa anaweza kulala Usagara, ng'ambo ya upande wa Mwanza mjini, na asubuhi akawahi kazini, huyo haji kununua kwako. Sijui, na ndo maana ripoti yangu ina tarehe ya ukaguzi kwenye ukurasa wa kwanza. Ukinifuata mwakani na ripoti ileile nigonge tu muhuri mpya, hapana bana, tutapima upya na utalipa upya.