Umerudishia mahindi ya F1 (kizazi cha kwanza cha chotara) shambani, usikimbilie kusema mbegu ni feki

Msimu huu malalamiko ya mbegu feki yamekua mengi na kampeni ya kukagua maduka ya pembejeo bado inaendelea. Feki zipo, hilo sisi wakaguzi wa mbegu hatukatai, na tunazikamata. Ila kuna malalamiko mengine tukifika shambani hatukuti feki yoyote, tunakuta mtu alinunua mbegu chotara mwaka jana, akavuna vizuri, akachagua mahindi makubwa makubwa akayatundika juu ya jiko yakapata moshi, mwaka huu kapanda hayohayo, sasa shamba lina marefu na mafupi, mengine yamebeba mengine ndo kwanza yanatoa mbelewele, alafu anampigia bwana shamba kwamba kampuni imemuibia. Jamani, hapo kampuni haihusiki na mwenye duka hahusiki.

Shida ni kwamba watu wanachukulia mazao yote yanazaana sawasawa. Hindi halizaani kama haragwe. Kwenye mahindi dume ni mbelewele kule juu na jike ni ndevu zinazotoka kwenye hindi, kila unywele ni punje moja, na kwa kawaida mbelewele inaanza kumwaga chavua siku chache kabla ndevu za mmea huohuo hazijatoka. Upepo ndo unamaliza kazi. Kwa hiyo punje nyingi kwenye hindi lako baba yao ni mmea mwingine, wa kwako au wa jirani, zilizojichavusha zenyewe ni kama asilimia 5 hivi. Haragwe lenyewe linamaliza mambo yake ndani ya ua kabla halijafunguka, mpunga na ngano nao karibu hivyohivyo. Mbaazi ziko katikati, nyuki wanazichanganya sana. Ndo maana mtu mwenye haragwe aina ya Lyamungu 90 au Uyole Njano akihifadhi vizuri na shamba halina magonjwa yanayobebwa na mbegu, misimu inapita na bado haragwe ni lilelile, wakati mahindi yasiyo chotara kama Staha au TMV-1 yaliyopandwa jirani na shamba la chotara msimu mmoja tu yanaweza kuwa mchanganyiko usioeleweka.

Sasa chotara. Mtafiti anachukua mahindi anayalazimisha kujichavusha yenyewe, anafunika ndevu kwa mfuko, anaweka chavua ya mmea uleule, anarudia vizazi sita hadi nane. Kila kizazi ule mchanganyiko wa vinasaba unapungua kwa nusu. Kasoro zilizokua zimejificha zinatoka nje, ndo unaona hata miche myeupe kabisa isiyo na kijani, inakufa baada ya siku chache (kuna mzee alituambia ni dawa ya jirani, sio dawa). Mistari inayobaki, yaani koo zilizotokana na kujichavusha huko, inafanana kama mapacha ila ni dhaifu, vihindi vidogo. Ukikutanisha mistari miwili ya ukoo tofauti, mtoto anatoka na nguvu ambayo wazazi wote hawana. Kitale kule Kenya walitoa H611 mwaka 1964 kwa kukutanisha mahindi yao na mahindi yaliyotoka Ecuador, na ukoo wa aina hizo za H ndo wakulima wengi wa nyanda za juu wanaujua mpaka leo.

Ukirudishia F1 shambani, mimea inachavushana ndugu kwa ndugu. Kama ni chotara ya mistari miwili, nusu ya ile nguvu ya ziada inapotea hapohapo, ya mistari mitatu inapotea zaidi ya theluthi kidogo. Haijawekewa dawa ya kuzuia kuzaa kama mnavyotumiana kwenye magrupu, inaota vizuri tu, shida ni haifanani tena na mama yake. Na chotara sio GMO, yaani zao lililobadilishwa vinasaba maabara! Hili tumelisema mpaka tumechoka. Wa nyanya nao wasijidanganye, ni kweli nyanya inajichavusha yenyewe, ila ukikamua mbegu za nyanya ya F1 watoto watakutokea kila mmoja na sura yake.

Hatusemi mkulima asiweke mbegu zake. Kama ni OPV, yaani aina isiyo chotara inayochavushana huru shambani, kama Staha au Situka, weka, ila sio kuchagua mahindi matano makubwa kuliko yote ukadhani umefanya la maana, hapo umefunga ukoo, baada ya misimu michache yanadumaa. Chukua katikati ya shamba, acha mimea ya pembeni mwa shamba, chagua kwenye mimea mizuri ikiwa bado imesimama, mahindi mia mbili au zaidi, pukuchua uchanganye. Baada ya misimu mitatu nunua upya.

Kuuza ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Mbegu ya Tanzania ya mwaka 2003 na kanuni zake, kuweka mahindi yako kwenye mfuko na kuyauza kama mbegu bila kuthibitishwa ni kosa hata kama nia yako ni kusaidia wanakijiji, unaweza kupigwa faini, kufungwa au vyote viwili, na mzigo unakamatwa. Anayetaka kuzalisha kihalali aingie daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, yaani QDS. Unajisajili, unaomba ukaguzi wa shamba mapema sio siku ya kuvuna, unaambatanisha lebo na risiti ya mbegu mama (ile uliyonunua na kuipanda), mkaguzi anakuja kabla ya maua, wakati wa maua na kabla ya kuvuna. Anapima umbali, mahindi kwa kawaida mita 200 au zaidi kutoka mahindi mengine, maharage mita chache tu zinatosha, na sababu nimeshaieleza hapo juu. Akikuta mimea ngeni inamwaga chavua na hujaing'oa, shamba linakataliwa, na kutuambia jirani ndo kapanda karibu haibadilishi kitu. Baada ya hapo sampuli inaenda maabara kuangaliwa usafi, unyevu na uotaji, uotaji wa mahindi peke yake unachukua siku 7. Hakuna njia ya mkato, msiwape watu hela.

Wafugaji mnaouliza, mifugo sio dawati letu, ila hesabu ni ileile: beberu akipanda binti zake mwenyewe, robo ya vinasaba vya mtoto vinajirudia pande zote mbili. Badilishaneni madume. Tegu anaweza kujirutubisha mwenyewe tumboni mwa mtu akaishi, mbuzi hawezi.

Ukiwa na lalamiko la kweli, leta mfuko wenye lebo (ile ya kukwangua, ikwangue na uhakiki namba kabla ya kupanda, sio baada), risiti, mbegu kidogo zilizobaki, na uje mahindi yakiwa bado shambani. Ukija na picha ya simu na jina la duka tu tutakusikiliza, ila kuna kidogo sana tunachoweza kumfanyia mwenye duka.