Je, wajua kwa nini mwanzi haunenepi?

Siku chipukizi la mwanzi linapotokeza ardhini, lizungushie kamba upime unene wake. Rudi baada ya miaka 5, mwanzi ukiwa umeshalipita paa la nyumba, upime tena palepale. Kamba itatosha ileile. Pengine itapwaya kidogo, maana maganda ya utotoni yameshaanguka.

Mwembe hunenepa mwaka hadi mwaka kwa sababu chini ya gome lake lipo tabaka jembamba la chembehai zinazogawanyika na kuongeza mbao mpya. Mwanzi hauna tabaka hilo. Uko katika ukoo wa nyasi, pamoja na mahindi, mpunga na muwa, na unene uliotoka nao ardhini ndio utakaofia nao.

Urefu sasa unatoka wapi? Pasua chipukizi changa kwa kisu, kutoka ncha hadi shina. Ndani utaona kuta ndogo nyeupe zimepangana karibukaribu kama vidato vya ngazi iliyobanwa. Nafasi kati ya ukuta na ukuta ni pingili, nazo zimo humo tayari, zinangoja. Maji yakipatikana, chembehai zinajaa na kurefuka, za chini zikitangulia, na mwanzi unachomoka kama antena ya redio inavyovutwa. Aina zenye mbio zimewahi kupimwa zikirefuka sentimita 91 kwa siku moja! Katika miezi michache tu urefu unakuwa umekamilika. Kinachobaki ni kutoa matawi na kukomaa, na hilo huchukua kama miaka 3 kabla haujafaa kujengea.

Lakini chipukizi halina jani la kujilisha. Chakula chote linaletewa na mianzi mikubwa iliyosimama pembeni, kupitia mashina yaliyolala chini ya udongo. Watu wa Iringa na Njombe wanaijua nguvu hiyo kwa ulimi. Msimu wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi la mlanzi, yaani mwanzi unaogemwa, hutega mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia maji matamu yanayotoka, kisha hurudi kulichonga tena kipande chembamba ili maji yasikauke. Ule utamu wa ulanzi mbichi, yaani maji hayo kabla hayajachacha, ulikuwa safarini kwenda kurefusha pingili. Chipukizi lililogemwa haliendelei kuwa mwanzi, kwa hiyo mwenye shamba hana budi kuyaacha mengine yakue.

Mwenye bustani naye aanzie hapohapo. Ukipanda mche leo, mwaka wa kwanza utaona vijiti vyembamba kama kalamu, na wengi hukata tamaa wakidhani wameuziwa mbegu mbaya. Nakuomba usiving'oe. Havitanenepa, ni kweli, lakini majani yake ndiyo yanayolisha shina la chini, na msimu ujao litatoa vya unene wa kidole, kisha vya mpini wa jembe. Samadi unayoweka sasa inaandaa machipukizi ya mvua zijazo. Iweke kabla mvua hazijaanza, tandaza nyasi kavu juu yake, na majani ya mwanzi yanayoanguka uyaache palepale chini yake. Ukiona majani ya juu yamejikunja kama sigara, una kiu huo, umwagilie.

Baridi isikutishe ukichagua aina yake. Mwanzi wa milimani umejaa Aberdare na Mlima Kenya, kwenye mita 2,400 hadi 3,000 hivi, na kule kwenye milima ya Virunga gorila hula machipukizi yake. Kwa walioko Ulaya, kwenye barafu, jamii ya Fargesia kutoka milima ya China huvumilia vizuri na haitambai. Jamii ya Phyllostachys nayo ni ngumu kwa baridi, ila shina lake la chini hukimbia mpaka kwa jirani. Izungushie plastiki nene iliyozama sentimita 60 au zaidi, ukingo wake ubaki juu ya udongo ili uone shina likijaribu kuruka.

Kukata ndiko kunakoharibu mianzi mingi. Mtu huingia na panga akaanza na ya nje, kwa kuwa iko karibu, kumbe kwa mianzi ya kichaka, ile isiyotambaa, hiyo ndiyo michanga, na ndiyo inayotegemewa kuzaa. Mwanzi mchanga utaujua kwa maganda na unga mweupe kwenye pingili. Mzee una madoa ya ukungu na matawi yaliyosongamana, na mara nyingi uko katikati. Kata huo, wakati wa kiangazi, wala usikate machipukizi yakiwa yanatoka, kwani yangali yananyonya. Panga lipite juu kidogo tu ya fundo lililo karibu na ardhi. Ukiacha nusu pingili juu ya fundo, umeacha kikombe: mvua itakijaza, mbu watataga humo, na kisiki kitaoza kuelekea chini kwenye shina linalowalisha wengine.