Nyama ya ng'ombe ya Sichuan: wengi wanadhani ni pilipili tu

Jamani nianze na hili maana ndo linaloharibu sufuria nyingi: mtu akisikia nyama ya Sichuan anajua ni pilipili, basi, unajaza pilipili mpaka mlaji atoke machozi na hapo umepika Kichina. Hapana kabisa. Watu wa Sichuan, jimbo la kule kusini magharibi mwa China, wana neno lao, mala, "ma" ni ganzi na "la" ni ukali wa pilipili, na hiyo ganzi haitoki kwenye pilipili hata kidogo, inatoka kwenye huajiao, vile vipunje vyekundu vilivyopasuka midomo kama vinataka kuongea.

Na hapohapo kuna dhana nyingine, eti huajiao ni aina ya pilipili manga. Siyo pilipili manga wala siyo pilipili kali, mti wake ni wa ukoo wa milimau na michungwa, ndo maana ukikisugua kipunje kati ya vidole unasikia harufu kama ganda la ndimu. Hata mjafari wetu, ule mti wenye miiba ambao watu wanachemsha chai na dawa, ni jamaa yake wa karibu, jenasi moja (sisemi uutie kwenye nyama, ni ili ujue huo ukoo haupo mbali). Ndani ya huajiao kuna kitu kinaitwa sanshuli kinachogusa mishipa ya fahamu inayohisi mtikisiko, na mwaka 2013 watafiti wa London walipima wakakuta mdomo unahisi kama unatetemeshwa mara 50 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo ulimi ukianza kutetema usiogope, hujaungua, ndo chakula kinafanya kazi yake. Kinachotumika ni ganda, ile mbegu nyeusi ya ndani itoe, inasaga meno kama mchanga. Kaanga makavu kidogo bila mafuta mpaka yanukie halafu twanga.

"Huna pilipili ya Kichina? Tia pilipili mbuzi, si ni ileile." Hili mimi limenigharimu chakula kizima, niliwapikia watu nyumbani nikatia pilipili mbuzi nne badala ya zile kavu kumi za kwenye maelekezo na hakuna aliyemaliza sahani, watoto ndo kabisa, walilia. Pilipili kavu za Sichuan nyingi ni za wastani, zimechaguliwa kwa harufu na rangi, pilipili mbuzi inazishinda ukali mara nyingi sana. Tumia pilipili nyekundu ndefu za kawaida, zikaushe, kata vipande, kung'uta mbegu. Ila jua ukali wenyewe haukai kwenye mbegu kama tunavyoambizana, unakaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, utoe huo.

Tena pilipili mbuzi ina kisa chake, jina lake la kisayansi ni Capsicum chinense, yaani ya China, kwa sababu bwana Jacquin, mtaalamu wa mimea aliyeipa jina mwaka 1776 alidhani imetoka huko! Asili yake ni Amerika, kama pilipili zote za jamii hiyo. China yenyewe maandishi ya kwanza yanayozitaja ni ya 1591, na mpaka zikazoeleka kwenye vyungu vya Sichuan ilipita miaka mingi sana baada ya hapo. Huajiao ndo ya kale, ilikuwepo zaidi ya miaka elfu mbili.

Sasa nyama. Tumezoea nyama ya ng'ombe lazima ichemke saa zima ndo ilainike, na ya mapishi haya watu wanaifanya hivyohivyo halafu wanalalamika imekuwa kamba. Chukua steki nusu kilo, iweke friza kidogo ikaze, tazama nyuzi zinaelekea wapi na kisu kizikatize, vipande vyembamba kama milimita 3. Changanya na soya sosi kijiko kimoja, maji kidogo na wanga wa mahindi vijiko viwili, kanda kwa mkono mpaka nyama iteleze na ivae koti jembamba, acha nusu saa. Hilo koti ndo linashika maji ya nyama ndani. Nyama hii inaiva chini ya dakika moja, kweli kabisa. Papai bichi linalainisha pia lakini ukilisahau humo nyama inageuka uji.

Chakula chenyewe ninachopika kinaitwa shuizhu niurou, maana yake nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa maji, jina linalomdanganya mtu adhani ni chakula cha mgonjwa. Kinahusishwa na Zigong, mji wa visima vya chumvi, kisima cha Shenhai pale kilifika kina cha mita 1,001 mwaka 1835, na wanyama waliozungusha magurudumu ya kuvutia maji ya chumvi walikuwa ng'ombe na nyati. Inasimuliwa kuwa waliochoka walichinjwa na wafanyakazi wakaipika nyama kwa chumvi, huajiao na baadaye pilipili. Kwa hiyo anayekwambia ukitia chainizi, karoti na hoho badala ya mboga zao umeharibu, muulize, chakula cha vibarua waliopika walichokuwa nacho unakiharibuje kwa mboga ya sokoni kwako? Mimi chainizi naipenda zaidi, dakika moja tu kwenye kikaango, iwe bado inalia mdomoni, inalala chini ya bakuli.

Kitu kisichobadilishwa ni doubanjiang, rojo ya pilipili na maharage ya fava iliyovundikwa, maarufu ni ya Pixian karibu na Chengdu, mji mkuu wa Sichuan. Wengi wanaichota na kuimwaga kwenye mchuzi kama tomato. Inatakiwa ikaangwe, vijiko viwili vikubwa, moto wa wastani, na usiiache maana inaungua upesi, mpaka mafuta yenyewe yawe mekundu ya kung'aa. Hapo ndo tia tangawizi, kitunguu saumu, kisha supu vikombe vitatu. Chumvi onja kwanza, rojo ina chumvi nyingi.

Supu ikitokota punguza moto, dondosha nyama kipande kimoja kimoja, usikoroge mpaka koti lishike, ikibadilika rangi mimina juu ya mboga. Mezani weka wali na maziwa au mtindi, siyo maji ya baridi, maji hayaondoi ukali wa pilipili. Halafu nyunyiza pilipili kavu na huajiao iliyotwangwa juu ya nyama, chemsha mafuta vijiko vinne yawe moto sana, mwaga palepale kila mtu akiwa amekaa, maana ule mchomo na harufu yake vinadumu sekunde chache tu.