Kurudia Kusoma Daftari Si Kujiandaa kwa Mtihani

Wanafunzi wengi wa udaktari, wa Dodoma na kwingineko, huamini kwamba anayerudia daftari lake mara nyingi zaidi ndiye aliyejiandaa vyema. Chanzo cha imani hiyo kinaeleweka: maandishi yaliyozoeleka husomeka kwa wepesi, na wepesi huo hudhaniwa kuwa ujuzi.

Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliokisoma kisha wakakiandika kwa kumbukumbu, wakaona kwamba baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, lakini baada ya siku 2, na hata baada ya wiki 1, waliojipima ndio waliokumbuka mengi zaidi. Ndiyo maana anayekesha na daftari anaweza kufaulu jaribio la asubuhi (na hapo ndipo imani potofu hujipatia ushahidi), ilhali mwaka wa tatu, mbele ya mgonjwa katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, hawezi kutaja matawi ya neva ya uso. Shahada yenyewe ni ya miaka 5, ukiacha mwaka wa utarajali (mafunzo ya kazi hospitalini baada ya masomo), hivyo anatomia, yaani elimu ya muundo wa mwili, ya mwaka wa kwanza haiishii kwenye karatasi ya mtihani.

Kikundi cha majadiliano husaidia iwapo madaftari yamefungwa na kila mmoja anaulizwa. Mmoja akisoma kwa sauti huku wengine wakipiga mistari, huko ni kurudia kusoma kulekule, ila kwa kelele zaidi. Mitihani ya miaka iliyopita nayo hupoteza faida yake pale majibu yanapotazamwa kabla swali halijajibiwa.